Mizinga Hamsini

Babu Apolinari hakuwa na rozari ya shanga.
Ile aliyopewa siku ya ubatizo ilikatika, wanasema,
akivuka mto Ugalla, samaki wakabaki na Baba Yetu zake.
Basi akachuna magome ya miyombo,
akashona mizinga hamsini kwa vijiti,
akaitundika porini nyuma ya Vumilia,
kumi, na kumi, na kumi,
kila mti akaupa Salamu Maria yake.

Kumi zikiisha alisimama kwenye kichuguu,
akavua kofia, akasema na Baba.
Kisha fungu linalofuata.
Aliitembea sala tangu umande hadi jua la utosi,
mwenge wa majani unafuka begani,
na nta aliyorudi nayo ndiyo mshumaa wa Pasaka.
Kigango kizima kilinuka moshi wetu
usiku ule wa kuimba aleluya.

Baba yangu Kasiani aliirithi mizinga pamoja na ukimya.
Hakuwahi kunieleza Mungu.
Alinionyesha namna ya kufunga kamba
isiteleze mvua ikinyesha.

Mimi nimerithi ishirini na mitatu.
Mingine imeliwa na mabani ya tumbaku:
fungu la pili lote, la nne limebaki meno mawili.
Na sitadanganya, bani mojawapo lilikuwa langu,
mwaka ule ada ya Yusta ilipokosekana.
Niliukata mti wa saba kwa shoka la babu mwenyewe.
Ulianguka polepole,
kama mtu anayepiga magoti.

Kaka yangu Mihambo alikuja kutoka Tabora mjini
na viatu vyake vyenye ncha.
Akacheka: bado unahesabu miti?
Dini ya babu ilikuja kwa meli, bwana.
Nikamwambia, muhogo nao ulikuja kwa meli,
na ugali wake unaumega tangu asubuhi.
Akanyamaza, akaongeza mchuzi.
Lakini usiku sikulala.
Kumjibu Mihambo ni rahisi.
Kazi ni kumjibu mtu aliye ndani ya shuka langu.

Maana mzinga hurithiwa. Nyuki hawarithiwi.
Huwezi kuwaita kwa jina la babu yao.
Unasafisha buibui, unapaka nta ya zamani mlangoni,
unafunga kamba, unashuka, unangoja.
Mwaka mwingine wanakuja hujafika hata chini.
Mwaka mwingine unaweka sikio kwenye gome
na unachosikia ni damu yako.

Mwaka tuliomzika Kabula hawakuja.
Nilipita mafungu yote matano
midomo mikavu, sikumwambia Maria kitu.
Miguu ndiyo iliyosali.
Sijui kama inahesabiwa.
Pasaka ile nilipeleka nta ya akiba,
nyeusi, yenye takataka za nyuki wafu,
na katekista akaipokea kwa mikono miwili,
hakuuliza.

Juzi nilikwenda na Yusta.
Ana miguu ya mama yake, inatangulia.
Nikasimama kwenye kisiki.
Baba, hapa hakuna mzinga.
Nikasema: hapa ni ya saba.
Akanitazama, akakitazama kisiki.
Kimechipua matawi mawili,
moja mbuzi wameshalila.
Akaweka kiganja juu ya alama za shoka,
tukaisema yote, mpaka saa ya kufa kwetu, amina.

Kisha akakimbia mbele akihesabu kwa sauti,
akauruka mti wa nane.
Sikumrudisha. Nilimwacha afike kichuguuni,
avue kitambaa kichwani kama nilivyomfundisha.

Jioni, mwenge ulipozimika,
nilirudi peke yangu kuusalimia.