Siku ya Sifuri

Nilianza Jumatatu, kwa kalamu nyekundu ya Cikuru,
kwenye daftari lake la hesabu, kurasa zilizobaki:
mandazi mawili, mia nne.
Mega za simu, elfu moja, na sikumbuki nilitazama nini.
Pikipiki, Kadutu hadi Nyawera, elfu moja na mia tano,
kwa sababu mvua ilinyesha, au ilitaka kunyesha,
au niliona wingu juu ya ziwa nikaliita mvua.

Mwaka wa sita huu nauza dawa katika famasia ya wenyewe.
Nahesabu vidonge vya watu, sikosei hata kimoja.
Pesa yangu mwenyewe ikitoka, haiagi.
Hutoka mia, hutoka mia mbili,
mpaka jioni nashika mkoba na kuutikisa
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Nikasema: Alhamisi sitoi hata faranga.
Alhamisi nitachora sifuri,
kubwa, mviringo, kama mdomo wa sufuria.

Zihalirwa akacheka hadi akaweka kijiko chini.
"Siku za namna hiyo tumezila sana, mke wangu.
Hatukuzipa jina tu."
Kweli. Ule mwaka wa mshahara usiofika
sifuri ilikaa nasi mezani, ikanawa kabla yetu.
Lakini ile ilituchagua. Hii naichagua mimi.
Nilitaka aone tofauti.
Alikuwa amerudi kwenye sombe yake.

Alhamisi, basi.
Maji nilinunua jana, bido tatu zimesimama mlangoni kama askari.
Chai bila sukari.
Nikashuka kwa miguu, viatu mkononi penye tope,
waendesha pikipiki wakiniita mama, dada, shangazi,
ukoo mzima, mteremko mzima.

Penye ngazi nilimpita Mama Nankafu nikitazama ng'ambo.
Sambaza wake walikwisha pangwa, fungu kwa fungu,
kila mmoja na jicho lake.
"Leo hunisalimu?"
Nina haraka, nikasema.
Uongo ni bure, hauandikwi daftarini.

Saa sita wenzangu waliagiza maharagwe.
Mimi nilisoma karatasi ya dawa ya minyoo, mbele na nyuma.
*Imezwe baada ya chakula.*

Jioni nikapanda, mapaja yanawaka,
mkoba ukiwa vilevile nilivyoushusha:
elfu mbili za faranga, zimekunjwa,
na ile dola tano iliyochanika pembeni, upana wa ukucha,
ambayo kila duka limeikataa tangu Noeli.
Wanaiinua kwenye mwanga, wanatingisha kichwa, inarudi.
Ndiyo pesa pekee iliyonizoea.
Akiba yangu yote ni noti
ambayo Bukavu nzima haiitaki.

Umeme ulikuwa umekatika.
Mama Nankafu bado yupo penye ngazi,
tochi ya simu imeegemezwa kwenye jiwe,
mafungu karibu yote, na macho ya samaki yameanza kufifia.
"Leo wote mlikuwa na haraka," akasema, bila lawama,
kama anayetaja hali ya hewa.
Kisha akachukua kipande cha kaa
na kwenye katoni anakoweka hesabu zake
akachora kitu cha mviringo.

Niliitambua.
Ilikuwa sifuri yangu,
imefika pale kabla yangu.

Sitasema nilifanya nini na zile elfu mbili.
Nitasema tu kwamba usiku, kwa mshumaa,
niliweka kalamu kwenye mstari wa Alhamisi,
nikauzungusha mkono taratibu,
na mwishoni mkono ukateleza, ukaacha mkia.

Cikuru akainama juu ya daftari, vidole vina mafuta.
"Mama, hii ni sifuri au ni sita?
Au umechora samaki?"

Nikamwambia amalize kula,
mifupa midogo asiitupe, inaliwa.