Ngata

Ilianza Juni, mwezi ambao Tukuyu hukunjwa ndani ya ukungu
na majani ya chai huchipua polepole kama mtoto aliyenuna.
Nilikuwa kituoni, nasoma mizani, naandika:
Gwakisa, kilo kumi na nne.
Mama Tumpe, ishirini na moja na nusu.
Mtu akaniweka ngata kichwani.
Nikainua mkono niitoe.
Nywele tu. Nywele zangu, na unyevu wa asubuhi.

Tangu siku hiyo ninayo.
Siyo maumivu. Maumivu ningeyajua kwa jina,
ningeyapa kidonge, ningeyalaza.
Hii ni duara, imebana pale utosini,
na kutoka hapo uzi unashuka kisogoni,
unazunguka nyuma ya sikio la kushoto,
unafika shingoni na kutulia, ukitetema kidogo,
kama waya ndege akishaondoka.
Siku nyingine ni maji. Tone moja, la baridi,
linateremka ndani ya kola.
Najifuta. Kiganja kikavu.

Rufaa, Mbeya, walinilaza ndani ya mashine inayonguruma.
Nikatulia humo nikihesabu magunia.
Daktari kijana, kalamu tatu mfukoni, aliinua picha kwenye mwanga:
"Dada Subilaga, safi kabisa. Hakuna kitu."
Alilitoa neno hilo kama zawadi. Nikalipokea kwa mikono miwili,
ndivyo tulivyofunzwa,
nikarudi na hakuna-kitu changu kichwani hadi Tukuyu
kwa nauli ya mtu mmoja.

Shangazi akasema: kuna mtu.
Mchungaji akasema: kuna vita. Akaweka mkono palepale,
mkono mzito, wenye joto,
na maombi yote nilikuwa najaribu kutofautisha
upi uzito wake, upi wangu.
Lusekelo hakusema. Alinunua mto wa sufi,
kisha mwingine, kisha mwingine; kitanda sasa kinafanana na duka.
Usiku huuliza, "Ipo?"
Najibu, "Ipo."
Anaweka dole gumba chini ya kisogo changu, anabonyeza,
anabonyeza, mpaka usingizi unamchukua yeye.

Mama ndiye aliyenikasirisha.
Miaka arobaini amebeba mikungu ya ndizi kutoka Kyimbila,
ada yangu yote ya shule ilipita juu ya shingo yake,
na shingo yake haina neno.
"Wewe hujabeba hata ndoo," alisema.
Halafu akaninyamazia, akawa anatazama kichwa changu
kama mtu anayekumbuka alikosahau kitu.

Jumamosi nikamwambia: nitwishe.
Akasokota majani makavu ya mgomba, akayazungusha mara tatu,
akaniweka. Ngata juu ya ngata.
Kisha mkungu, utomvu bado unadondoka.
Shingo ikashtuka, ikasimama.
Na ile nyingine ikanyamaza.

Nilipanda kilima kizima nikiwa na kichwa kama cha watu wote.
Sikuweza kuinama, nikasalimia kwa macho.
Njia panda mvua ikaanza, mvua ya kweli,
ikaingia kolani, nikajifuta:
kiganja kimelowa! Nikamwonyesha mama, "Ona, ona!"
Akadhani sasa nimechanganyikiwa.

Sokoni wakanitua.
Nikahesabu kimoyomoyo.
Kwenye tano ikarudi, ikakaa mahali pake
bila haraka, kama mwenye nyumba.

Leo Jumatatu. Mizani iko mbele yangu,
imekaguliwa, ina muhuri wa serikali.
Kabla wachumaji hawajafika nimepanda juu yake.
Sitini na mbili.
Januari, kabla ya haya yote, sitini na mbili.
Nimeandika nyuma ya daftari, kwa penseli:
Subilaga, pamoja na ngata, kilo sitini na mbili.
Gwakisa yuko mlangoni na gunia lake, linachuruzika umande.
"Kichwa vipi leo?"
"Kipo," nasema. "Weka mzigo."