Ubao wa Chaji

Nilihamia Ibambo, ng'ambo ya korongo,
kilomita kumi na saba kutoka Kaliua,
na paneli moja, betri ya lori,
kikombe kimoja, sahani moja.
Nilijiambia: hapa sitamsumbua mtu.

Siku ya tatu simu ya kwanza ikapiga hodi.
Ililetwa na mtoto, imefungwa kwa mpira wa baiskeli:
"Baba anasema ikijaa usiizime."
Siku ya nne zikaja sita.
Nikapigilia ubao ukutani, nikagonga misumari,
nikaandika kwa mkaa majina niliyotajiwa:
Msumeno. Mama Kahindi. Wa Kwenye Bani.
Luhende Mkubwa. Luhende wa Nyuki.
Na moja bila jina, ya tochi, rangi ya ugoro,
namba tano imefutika.

Hivyo ndivyo nilivyowajua majirani,
kama msasi anavyomjua mnyama kwa kwato.
Ya Msumeno ilinuka petroli na unga wa mninga.
Ya Luhende wa Nyuki ilinata;
nikiishika, sisimizi walinifuata mpaka kitandani.
Ya Mama Kahindi iliita saa nane usiku,
ikanyamaza, ikaita tena,
na kwenye kioo jina: USIPOKEE.
Sikupokea.
Asubuhi akatazama kioo, akanitazama mimi,
akaniachia michembe kwenye ungo, kimya.
Tangu hapo tukawa na siri moja,
ingawa sikujua ni siri gani.

Wa Kwenye Bani alidaiwa mbolea ya tumbaku.
Chama cha msingi kilimpigia kila Jumatatu.
Nililijua deni lake kabla ya uso wake,
nikamchora kichwani: mzee, kikohozi, kofia.

Ile ya tochi haikuita kamwe.
Mlekwa mfinyanzi aliileta kila Alhamisi,
akakaa juu ya ndoo niliyoipindua, udongo kuchani,
akaanza: Mbona hufugi hata kuku?
Mbona moshi wako ni wa mara moja kwa siku?
Huyo anayekunyoa, mna ugomvi gani?
Nilijibu nusu nusu, jicho kwenye betri.

Januari jua likajificha siku tisa.
Betri ikafa. Ubao ukabaki misumari.
Kiberiti kikalowa, nikala michembe mikavu,
nikasikiliza paa.

Siku ya tano, hodi.
Mlekwa, gunia kichwani, simu mkononi,
na kwenye kigae makaa matatu yaliyofunikwa majivu.
"Mama, hakuna chaji."
"Najua. Paneli yako naiona kutoka kwangu,
imelala kama mbuzi mgonjwa."
Akaifungua simu mgongo: haina laini.
Haikuwa na laini tangu mwaka juzi.
"Mgeni ndiye huzunguka kusalimia.
Wewe ulikaa. Basi ningekuja na nini?
Mtu hapigi hodi mikono mitupu."

Tukatoka kwenye tope, yeye mbele.
Kila mlango alisema "Mwangaluka",
nami nikasema nyuma yake, vibaya, wakacheka.
Msumeno nilimjua kabla hajatajwa, kwa ile harufu.
Luhende Mkubwa ni mfupi; wa Nyuki ndiye mrefu.
Na Wa Kwenye Bani, yule mzee wangu mwenye kofia,
ni Kabula, miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni,
anageuza majani ya tumbaku yaliyoota ukungu.
Nikashika upande wa pili wa kamba.
Sikusema lolote juu ya Jumatatu.

"Na wewe jina lako?" akauliza.
Miezi minne. Hakuna aliyekuwa amelijua.
Waliniita Chaji.
Nikalitaja. Akalirudia, akakosea,
na lile kosa nikaliacha.

Nilirudi usiku, bila tochi,
nsansa ya moto kwenye bakuli la mtu.
Mbwa watatu walinibwekea njia nzima.
Wa nne, wa Mama Kahindi,
alianza,
akaacha katikati.