Pingili ya Mia

Mimi Oguda, mbeba mnyororo. Mpimaji si mimi.
Mpimaji ni yule wa darubini na kofia,
afumbaye jicho moja ndipo aione nchi.
Mimi nilivuta chuma kutoka Londiani kupanda Mau,
pingili mia, futi sitini na sita,
katika tope, upupu na siafu,
nikiita "Tayari!" kila ulipokazika.
Kwetu Kano tulipima shamba kwa jembe na kwa ugomvi.

Msitu ule ulikuwa na wenyewe.
Asubuhi ya tatu nililamba asali yao:
Kipkaino alishuka mtarakwani, moshi begani,
akanikatia sega, akanionyesha kwa kidevu:
mizinga hii ya baba, ile ya mjomba,
pale mto unapojikunja ni ya watu wengine,
usiguse hata ukifa njaa.
Nikahesabu arobaini na mitatu.

Jioni Bwana Thackwell akauliza mbele kuna nini.
"Mizinga, Bwana. Na watu."
Akaandika. Aliandika muda mrefu, nikafurahi.
Karani ndiye aliyenisomea baadaye, akicheka:
*msitu mtupu*.

Mistari ya mwisho ilikuwa bado
tulipoteremka Nakuru kununua unga.
Kwenye banda la bati kulikuwa na mnada.
Makaburu walikuwa wamefika na magari ya maksai,
wanawake wao wameshika biblia na mbegu za ngano.
Ardhi ilikodishwa kwa pesa kadhaa kila ekari,
miti ikauzwa mbali,
kama kuuza ngozi na ng'ombe bado anacheua:
reli ichukue kuni, seremala achukue mbao.
Silibwet, usiofaa kuni wala mbao,
ambao nyuki huungojea mwaka mzima uchanue,
haukutajwa bei.

"Kwa muda gani?" Kaburu mmoja aliuliza, Hattingh.
"Miaka tisini na tisa."

Nilisimama mlangoni na gunia la unga kichwani.
Tisini na tisa.
Mtu anayehesabu mia kutwa nzima
husikia upungufu kama jiwe kwenye wali.
Ule mmoja, nani kauficha?

Usiku, kambini, nilichukua tupa na koleo ya farasi,
nikafungua pingili moja
kati ya shaba ya sitini na shaba ya sabini,
ambako hakuna anayeangalia.
Nikaunga. Nikalala vizuri sana.

Tulipima minyororo mia mbili mpaka mtoni,
lakini mto haukuwapo.
Kigingi cha mwisho kiliingia ardhini
na maji tukayasikia mbele yetu, kichakani.
Thackwell akaifuta darubini, akanitazama,
akatazama jua, mvua inakuja.
Akatoa penseli
akausogeza mto.

Hivyo kwenye karatasi shamba likafika majini,
na chini kukabaki minyororo miwili ya msitu
isiyo ya mfalme wala ya Hattingh.
Kaburu alikuwa mtu wa sheria:
alikata hadi kigingini, akaweka shoka chini.

Nilimpeleka Kipkaino akaone.
Sijui nilitaka nini. Labda sega jingine.
Alikuwa amebeba mizinga sita, yote iliyosalia,
mmoja una alama ya moto.
Alitembea kutoka kigingini mpaka majini,
akarudi, hata hajatokwa jasho.
"Nyuki," alisema, "hupita hapa
kabla hajakunjua mbawa."
Kisha akapanda, akatundika mmoja.
Mitano akaondoka nayo kuelekea juu,
ambako mnyororo ulikuwa haujafika.

Sikumwambia kwamba keshokutwa
tungeanza kupima huko.

Pingili ninayo. Mke wangu Nyamalo
huitundikia kibuyu cha maziwa,
na maziwa yakipungua humgombeza paka.