Riali kwa Riali

Alhamisi baada ya alasiri nimeshuka Matrah
na kitabu cha bei kwapani,
kizito kama tofali, nimekifunga kwa mpira wa nywele
kwa kuwa jalada limeachia.
Ndani nimepiga mistari ya penseli
kwenye safu nne: imechakaa, nzuri, nzuri sana,
na ile ya mwisho, haijaguswa,
kana kwamba kuna fedha duniani haijaguswa.

Natafuta riali. Si hizi za karatasi.
Ile ya fedha, nzito, yenye malkia mnene,
mwaka 1780.
Zote ni za 1780.
Hata iliyopigwa chapa juzi imeandikwa 1780;
bibi huyu amekataa kuzeeka,
na kitabu kinakufundisha kumjua umri
kwa kuhesabu lulu za kifungo chake begani,
kama mnunuzi anavyomfunua punda mdomo.

Duka la kwanza: arbaini na tano.
Nikafungua ukurasa, nikamwonyesha: kumi na sita.
Akacheka hata kikombe cha kahawa kikamwagika.
"Mama, hicho kitabu kinalipa kodi ya duka?"

Duka la pili, ajabu, naye anacho,
kipya kuliko changu kwa miaka mitatu,
na kidole chake kimekaa safu ya mwisho, hakibanduki.
Riali yenyewe imesuguliwa kwa majivu na ndimu
mpaka pua ya malkia imelainika kama sabuni ya jana.
Hii umeiosha, nikamwambia. Kitabu kinakataza.
"Kwetu kitu kichafu hakiuzwi."
Tukaagana vizuri.

Shahdad Mbaluchi, duka lake upana wa mlango,
hana kitabu.
Ana mizani ya sonara, na simu iliyopasuka kioo
inayomwambia fedha inauzwaje saa hii.
Akamwaga kopo juu ya kitambaa:
rupia za Hindi, pesa za shaba za Unguja, zile zenye mizani,
na riali moja, nyeusi,
imetobolewa juu ya utosi.

Hapo nikajua nimeshinda.
Chini ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi:
yenye tundu, hesabu uzito wa fedha tu.
Nikamsomea kwa Kiarabu changu cha kuungaunga,
akanijibu kwa Kiswahili:
"Haya, kitabu kinasemaje?"
Tisa.
"Kumi na mbili."
Kitabu kinasema tisa.
"Tisa na nusu, na kitabu kinyamaze."

Ningelipa papo hapo, ningeondoka.
Lakini kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye tundu,
kikazunguka ukingo wake, kikazunguka tena.
Bibi yangu, Bi Thuwaiba, alikuwa nazo kumi na mbili shingoni
siku alipofika hapa na begi moja na watoto wanne.
Ya kwanza ikawa godoro.
Ya tano ikawa feni.
Ya mwisho sijui, labda ni viatu vyangu vya skuli,
vile vilivyonibana na nikavilalamikia.
Nikahesabu lulu: tisa. Nikahesabu tena.
Kitabu kinajua imepigwa mji gani.
Shingo gani, hakina safu.

"Kumi na moja," akasema Shahdad.
Si umesema tisa na nusu?
"Ile ilikuwa bei ya kabla hujaishika hivyo."

Nikalipa. Karatasi kumi na moja za riali
kwa riali moja.
Akaifunga katika kipande cha gazeti,
akanipunguzia nusu kwa ajili ya teksi,
kisha akaibadilisha nia, akaichukua tena.

Usiku, nyumbani Al-Khoudh, kiyoyozi kinakoroma,
nimekifungua kitabu pale pale pa herufi za sisimizi,
nikachonga penseli, nikaandika pembeni:
Matrah. Ina tundu. 11.

Nikakaa kidogo. Nikaongeza:
usioshe.