Mshale Wenye Vichwa Viwili

Dundee, Februari. Nimechora duara,
ndani yake nikaandika: KUZOEA.
Kitu hicho hakina uzito wala sura.
Hujulikana kwa kinachokitoka:
mishale sita kuelekea miraba sita,
na kila mraba umebeba kosa lake mgongoni
kama mtoto asiyetaka kushuka.

Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa.
Aliyesema hivyo hakukaa kando ya mto Tay,
ambako mawingu yapo siku zote, inyeshe isinyeshe,
na dalili imesahau ni ya nini.

Wauguzi mia mbili na kumi na mmoja walinijazia fomu.
Unalala vizuri? Una wa kumgongea mlango?
Wapiga simu nyumbani mara ngapi?
Nikaipa programu majibu yao.
Ikazunguka mara elfu, ikagoma.
Mtawanyo hasi, ikaandika kwa wekundu:
yaani watu wametawanyika
pungufu ya kutotawanyika kabisa.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha.

Jaribio la nane, ikatoa pendekezo:
unganisha kosa la usingizi na kosa la simu.
Mshale uliopinda, vichwa viwili.
Daktari Petrie akavua miwani.
"Programu haijui kitu, Mwanaidi, inajua kuhesabu.
Mshale bila nadharia ni uongo wenye ncha."

Nadharia.

Usiku niliokwenda kukusanya fomu, saa saba, wodi ya nne,
Jincy Kuriakose ameegemea mashine ya chai, simu sikioni.
Kochi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
mwanawe haioni soksi ya pili.
"Chini ya kitanda," anamwambia, toka maili elfu tano.
Na ipo.
Hata siku asizo na zamu huamka saa hiyohiyo,
aliniambia, akikunja fomu mara nne.

Na hilo tuliite kosa?

Nimeuchora mshale. Mzunguko wa ishirini na tatu
programu ikatulia, kila namba ikakaa pake.
Petrie kaandika pembeni: sawa, lakini eleza.
Nimeeleza, tanbihi ya mistari miwili,
tofauti ya saa, zamu za usiku.
Soksi sikuitaja.

Duara bado tupu. Nimelitazama
mpaka chai imefanya utando.