Sekunde Kumi na Moja

Kamera haziruhusiwi mle mahakamani.
Tulichopewa ni sauti, baada ya barua tatu na kungoja hadi Machi:
kiti kinaburutwa, karatasi zinafunuliwa, mtu anapenga kamasi,
kisha hakimu, kavu kama mkate wa juzi:
"Je, Bwana Calmo, unaogopa kurudi kwenu?"

Mkalimani akaligeuza swali kwa Kihispania,
Kihispania safi, cha darasani, kisicho na doa.
Ila Fortunato Calmo ni Mmam wa milimani,
na Kihispania alichonacho ni cha kazini tu:
beba, shusha, haraka, kesho usije.

Akanyamaza.

Nimekaa na kimya hicho majuma sita
katika chumba cha nyuma, juu ya duka la matairi, hapa Oakland,
nikikipima, nikikikata, nikikirudisha.
Sekunde kumi na moja.
Kwenye mashine yangu kimya ni mstari ulionyooka,
na huu ulikuwa na vinundu viwili:
cha kwanza kikohozi cha karani,
cha pili, nilipokikuza hadi mwisho wa spika,
mate yanayomezwa.

Kisha kalamu ikakwaruza.
"Mlalamikiwa hakuonyesha hofu. Tuendelee."

Kimya kingi kina mshindo, husemwa.
Cha Fortunato kilikuwa na muhuri.

Bosi wangu Whitcomb, mwenye roho nzuri na haraka nyingi,
akasema: "Punguza. Ziache tatu.
Giza refu hivyo, watu watadhani projekta imekufa.
Au weka picha. Weka milima, weka mvua,
weka mikono ya mama inakanda unga."
Nikaweka milima, na ukungu ukipanda taratibu.
Ikapendeza.
Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamwita Desideria, mkewe, aje atazame.
Alikuja na sare ya hotelini, bado inanuka sabuni ya mashuka,
akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kudaiwa.
"Hii ni milima ya nani?"
Nikasema, ya kununua. Ya Peru, nadhani.
Akacheka kidogo bila kuonyesha meno.
"Yeye hakuona mlima. Aliona ukuta na bendera,
na mtu anamwangalia saa.
Mmemwondoa kitandani, mmemwondoa kazini, mmemwondoa nchini.
Hata kimya chake mnakitaka?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wao.
Nikaitoa milima.

Usiku wa kwanza: ukumbi wa shule, viti vya kukunja,
bisi kwenye mifuko ya karatasi,
koti la mtu limewekewa kiti ambacho hakuna aliyekikalia.
Swali likaulizwa. Giza likaingia.
Moja, mbili, watu wanangoja.
Nne, mtoto anauliza kama imekwisha.
Sita, bwana mmoja wa nyuma anageuka
kukitafuta kidirisha cha projekta,
na mimi nimo humo kidirishani, nimeshika meza kwa mikono miwili.

Hapo Desideria, mstari wa tatu,
bila kusimama, bila kupaza sauti,
akalijibu swali.

Kwa Kimam. Neno baada ya neno,
kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya muuza duka asiyemwamini.
Sikuelewa hata silabi.
Walioelewa, karibu nusu ya ukumbi, waliinamisha vichwa,
na yule bwana wa nyuma akageuka mbele polepole,
akavua kofia.

Alipomaliza ilibaki sekunde nzima.
Ingetosha kuuliza tena.

Kalamu ikakwaruza.
"Mlalamikiwa hakuonyesha hofu," akasema hakimu
kwa sauti ileile, kutoka kwenye spika zote mbili.
"Tuendelee."